Msibani Tunaishia Sura ya Kwanza ya Ayubu

Ukienda msibani Mbagala, Tandika au Bunju, hata mkeka haujapata joto utakuwa umesikia kauli mbili. Ya kwanza ni "kazi ya Mungu haina makosa". Ya pili ni ile ya Ayubu kuhusu Mungu kutoa na kutwaa. Mfiwa anaitikia "amina" ingawa moyoni anataka kupiga kelele. Matanga yakishaanuliwa, viti vya kukodi vikarudishwa na turubai likashushwa, anabaki na swali ambalo haoni wa kumuuliza: Mungu alikuwa wapi? Na nyuma ya hilo lipo jingine linalomtisha zaidi: kwa kuuliza hivi, nimeshaacha kuwa Mkristo?

Hapana. Muumini mwaminifu anaweza kuingiwa na shaka akiwa kwenye mateso, na Biblia anayokwenda nayo kanisani kila Jumapili imejaa watu wa namna hiyo.

Tuanze na Ayubu mwenyewe, maana tunamtumia vibaya. Kauli ya kutoa na kutwaa imo sura ya 1, na kitabu kina sura 42. Kuanzia sura ya 3 mtu huyohuyo analaani siku aliyozaliwa, anamlalamikia Mungu waziwazi na kudai kesi yake isikilizwe. Rafiki zake watatu wanamtetea Mungu kwa maneno ambayo hata leo yangepata "amina" nyingi: hakuna anayeteseka bure, chunguza dhambi zako, tubu, mambo yatanyooka. Mwishoni Mungu anawakasirikia hao watetezi wake na kusema kwamba Ayubu ndiye aliyenena sawasawa. Sisi tunachukua sura ya 1, tunaruka hadi baraka za sura ya 42, na zile za katikati tunamwachia mfiwa azipitie peke yake usiku.

Wengine ni wengi. Karibu theluthi moja ya Zaburi 150 ni za kulalamika, na ile ya 88 inamalizikia gizani, haimaliziki kwa mstari wa faraja. Yohana Mbatizaji, aliyemtambulisha Yesu kwa watu, alipofungwa gerezani alituma wanafunzi wake wakaulize kama kweli ndiye. Yesu hakumkemea, baada ya wajumbe kuondoka alimsifu mbele ya umati. Tomaso naye aligoma kuamini, lakini siku nane baadaye alikuwa bado ndani na wenzake. Hawakumfukuza wala kumtenga. Na Yesu mwenyewe msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, zaburi ya mtu anayejiona ameachwa.

Ukitaka mfano wa karibu na zama zetu, yupo Mama Teresa wa Kalkuta. Barua zake zilichapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zikaonyesha kwamba kwa miongo kadhaa alisali bila kuhisi uwepo wa Mungu, huku akiendelea kuwahudumia wanaokufa. Kanisa Katoliki lilizijua barua hizo, na mwaka 2016 likamtangaza mtakatifu.

Basi kwa nini watu wetu wanaficha shaka zao? Nadhani kosa kubwa liko kwenye kipaza sauti. Muda wa ushuhuda ukifika, anayesimama ni aliyepona, aliyepata kazi, aliyepata mtoto. Anayesubiri bado hana zamu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala na zaidi ya watu 20 walikufa. Fikiria benchi la kanisa Jumapili iliyofuata: mmoja anashukuru kwamba Mungu ameilinda nyumba yake, pembeni yake ameketi jirani ambaye yake haikulindwa. Au wafikirie waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, wakaanza maisha kwenye mahema. Mtu wa namna hiyo akisema imani yake imeyumba, ataambiwa "amepoa", "amerudi nyuma", au ana roho ya mashaka ya kukemewa. Kwa hiyo anajifunza kujibu "Bwana asifiwe" kwa sauti kubwa zaidi.

Ukimya huo una gharama, na hapa ningependa usome taratibu. Mtu akiambiwa shaka ni dhambi, atatafuta uhakika popote, hata wa kununua. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Kikombe kilikuwa bei rahisi. Kilichowagharimu baadhi ya wagonjwa ni kuacha dawa za VVU na za kisukari kwa kuamini kwamba wameshapona. Tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana ibadani, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki. Wengi walikuwa wamechoka kusubiri.

Kwa hiyo, kama ni wewe uliye kwenye hali hii, dawa usiache. Mchungaji anayekuombea huku ukiendelea na kliniki ya Temeke au Mwananyamala anakusaidia; anayekuwekea sharti la kuacha vidonge, au la kutoa pesa kwanza ndipo aombe, ondoka kwake. Usiuze kiwanja, usivunje ndoa na usiache kazi katika miezi ambayo hata usingizi huna. Mwambie Mungu unachokifikiria kweli, hata kama ni lawama; anayemlaumu Mungu bado anaongea naye. Kanisani unaweza kwenda ukakaa nyuma, usiimbe. Kwaya itaimba kwa niaba yako.

Tafuta pia mtu mmoja wa kumwambia, na uangalie ni nani. Kundi la WhatsApp la jumuiya si mahali pake, kabla ya jioni habari itakuwa imefika hadi kwa wifi yako. Mzee wa kanisa anayejulikana kutunza siri, katekista, au mama mtu mzima aliyewahi kuzika mtoto anafaa zaidi. Mkatoliki ana kitubio, ambako padri amefungwa na siri kabisa.

Lakini kuna kitu kinachofanana na shaka ambacho si suala la imani. Ukipita wiki mbili hulali, chakula hakipiti, huoni ladha ya chochote na umeanza kuwaza kwamba bora ufe, huo huenda ni ugonjwa wa sonona na una matibabu. Mkesha wa maombi hautoshi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu ukaeleze hivyohivyo, au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kama mawazo ya kujiua yapo leo, usikae peke yako. Mwite mtu wa nyumbani akupeleke hospitali sasa hivi.

Na kama si wewe bali ni jirani yako, rudi tena kwa wale rafiki wa Ayubu. Walifanya jambo moja zuri: kabla ya kufungua midomo, walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Mambo yaliharibika walipoanza kuhubiri. Watu wa Temeke tunaujua ukaaji huo. Mama wa Kiislamu wa nyumba ya pili anakuja na sufuria yake, anakunja miguu mkekani, anasema "pole mwanangu", basi. Mara nyingi huyo anafariji kuliko sisi tuliokuja na mistari mitano ya kumsomea.

Akikwambia anamkasirikia Mungu, usikimbilie kumrekebisha. Waraka wa Yuda umeagiza wenye shaka wahurumiwe, haukuagiza wakemewe. Muulize amekula nini. Msindikize kliniki, au mpe nauli. Wachukue watoto wake mchana mmoja apate kulala. Mwenyekiti wa jumuiya anaweza kupanga zamu ili watu wasije wote siku ya mazishi halafu asionekane mtu mwezi mzima, kwa sababu wiki ngumu ni ile ya kwanza baada ya tanga kuanuliwa, nyumba ikiwa kimya na deni la jeneza bado lipo. Ukiondoka, mwambie utarudi siku gani. Kisha siku hiyo urudi, hata kama huna la kusema.