Kundi la WhatsApp la mtaa: andika ueleweke, elewana na admini

Umeingizwa kwenye kundi la mtaa wako. Humo mnazungumzwa ulinzi shirikishi, maji, taka na misiba. Kabla hujaandika chochote, gusa jina la kundi juu ya kioo cha simu. Hapo utakuta maelezo ya kundi, na mara nyingi ndipo masharti yanapowekwa: mambo yanayoruhusiwa, muda wa kutotuma ujumbe usiku, kama matangazo ya biashara yanakubaliwa. Ukishuka chini utaona majina ya wanakundi, na baadhi yana alama ya admini. Admini ndiye anayeingiza watu, kuwatoa na kufuta ujumbe usiofaa. Kama masharti hayakuandikwa, muulize kwa ujumbe wa faragha.

Nani atasoma utakachoandika? Kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba hadi watu 1,024. Hata la mtaa mdogo lina muuguzi, fundi, mama wa genge, mpangaji aliyehamia majuzi, na bibi anayesomewa ujumbe na mjukuu wake. Kila kazi ina lugha yake, na watu wa ofisi hasa hupenda vifupisho. Chukua tangazo kama hili: “Fomu za NIDA zipo kwa MEO, saa 2.” Anayeshinda ofisini ameelewa. Bibi hajui MEO ni nani, na kijana aliyezoea saa ya simu anaweza kufika saa nane mchana.

Liandike hivi: “Fomu za kuombea kitambulisho cha Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) zinapatikana kwa mtendaji wa mtaa (MEO), ofisini kwake, kuanzia saa 2 asubuhi. Mwisho ni tarehe 30 mwezi huu. Njoo na nakala ya cheti cha kuzaliwa.” Ni refu kidogo, lakini hakuna atakayepoteza nauli. Kifupisho unaweza kukitumia, ila mara ya kwanza kitanguliwe na maana yake. Taja asubuhi, mchana au jioni kila unapotaja saa. Misemo ya vijana na ya kijiweni ibaki kwa walioizoea.

Na wewe ukikutana na neno usilolijua? Uliza palepale, kwa upole: “Samahani jamani, MEO ndiye nani?” Usione haya. Wapo wengine waliokwama hapohapo na wamenyamaza. Aliyeandika ana wajibu wa kufafanua, na anayemcheka muulizaji anawafunga midomo watu wanaouhitaji ule ujumbe kuliko wote.

Ujumbe uliotoka kwingine uangalie mara mbili kabla ya kuuleta kundini. Ukiona mishale miwili juu yake, umeshapita mikono mingi. Tangu 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kupelekwa sehemu zaidi ya moja kwa mara moja. Ukiwa na shaka, uache. Kwa Tanzania, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu kusambaza kwa kujua taarifa za uongo, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ukigundua kosa katika ulichoandika, una dakika 15 za kukisahihisha. Ujumbe wako unaweza pia kuufuta kwa wote ndani ya siku mbili na kidogo.

Je, admini akifuta ujumbe wako? Usiutume tena, wala usimjibu mbele ya watu. Subiri hasira ishuke, kisha mwandikie peke yake: “Shikamoo mzee. Nimeona ujumbe wangu umefutwa. Naomba nielekezwe kosa nisirudie.” Akiwa rika lako, “Habari za leo” inatosha. Mara nyingi jibu ni jepesi: picha ya majeruhi, jina la mtoto wa mtu, tangazo la siasa. Usiporidhika, mwone admini mwingine, au lipeleke suala kwenye mkutano wa mtaa, kwa kuwa kundi ni la wakazi wote.

Admini naye ana deni. Sharti ambalo halikuandikwa asilitumie kumtoa mtu. Aonye kwanza kwa faragha, aeleze sababu, na awe na mwenzake mmoja au wawili wa kushauriana nao. Anayefuta na kutoa watu bila neno, kwa maoni yangu, analiua kundi taratibu: watu hubaki humo kwa jina tu, na siku ya moto au wizi hakuna anayetoa taarifa.

Jihadhari na jambo moja. Hakuna admini anayehitaji ile namba ya tarakimu 6 ambayo WhatsApp hukutumia kwa meseji. Anayeiomba anataka kuiteka akaunti yako, hata kama jina ni la jirani unayemfahamu.

Kujiunga hakulipiwi, gharama ni bando. Picha na video zinaweza kujipakua zenyewe na kulimaliza. Fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia sehemu ya hifadhi na data, kisha uondoe alama za kupakua picha, sauti na video unapotumia data ya simu. Kelele zikizidi, zima mlio wa kundi. Ukiamua kutoka, toka tu: wanaojulishwa ni maadmini peke yao.