Mkono Unapoumia

Masomo: Luka 6:6-11, Kutoka 17:8-13, Wagalatia 6:1-5



Habari ya mtu aliyepooza mkono imeandikwa katika Injili tatu, lakini ni Luka peke yake anayetuarifu kwamba ulikuwa mkono wa kuume. Mtakatifu Paulo anamwita Luka tabibu (Wakolosai 4:14), na huenda ndiyo sababu hakuacha kuulizia ni mkono gani. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kuelezwa sana uzito wa jambo hili. Mkono wa kuume twauita pia mkono wa kulia, maana ndio tunaolia chakula. Kwa mkono huo tunaamkiana, kwa huo tunapokea kitu kwa mkubwa, kwa huo tunashika jembe na kalamu. Aliyeumia mkono wa kuume hupungukiwa na kazi, na tena huona haya mbele za watu, bila ya kosa lake.

Mtakatifu Yeronimo, katika maelezo yake juu ya Injili ya Mathayo aliyoyaandika mwaka 398, anatoa habari nyingine. Anasema kwamba katika injili iliyosomwa na Wakristo wa Kiyahudi walioitwa Wanazareti, mtu huyu alikuwa mwashi, naye alimsihi Bwana amponye ili asiishi kwa kuombaomba. Habari hiyo haimo katika Biblia, wala hatulazimishwi kuishika. Lakini yeyote aliyewahi kumwona fundi akitazama vifaa vyake asiweze kuvishika ataona kwamba mambo yanapatana.

Sasa tuwatazame wengine waliokuwamo katika sinagogi. Katika Marko sura ya 2 yupo mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne, nao wakatoboa dari ili wamfikishe mbele ya Yesu. Hapa hatuwasomi watu wanne. Hatumsomi hata mmoja aliyemleta, wala aliyefungua kinywa kumwombea. Waliokuwapo walikuwa wakimvizia Yesu, waone kama ataponya siku ya sabato, wapate la kumshtaki. Mwenye mkono uliopooza alikuwa chambo chao tu. Marko anasema kwamba Bwana aliwatazama pande zote kwa hasira, akiona huzuni kwa ugumu wa mioyo yao. Yatupasa tuiogope hasira hiyo, kwa sababu walioipata walikuwa watu wa ibada, na siku ya ibada walikuwa wamehudhuria.

Je, sisi tunafanyaje? Tunajua sana kutoa pole. Mtu akiumia, juma la kwanza nyumba hujaa. Kuku huletwa, uji huletwa, wazee wa kanisa hufika, Umoja wa Akina Mama hufika na kuimba. Juma la pili hupungua. Juma la tatu nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga, na sisi twasema mwenzetu amepona. Hapo ndipo taabu yake inapoanza.

Tuliliona jambo hili mtaani kwetu kwa seremala mmoja aliyekatwa na msumeno wa mashine katika kiganja cha mkono wa kuume. Hatutamtaja jina, ingawa wengi watamjua. Kwa miaka mingi alikuwa na wenzake watano ambao kila jioni, baada ya Sala ya Jioni, hukaa barazani kwa kahawa na bao. Si wote wa kanisa letu; mmoja ni Mlutheri, na mwingine ni Mwislamu ambaye huja akitoka kusali magharibi. Mazungumzo yao ni ya kawaida tu: bei ya mahindi, mpira, mtoto wa nani amefaulu. Mkristo mmoja mwenye bidii aliwahi kutuambia kwamba baraza ile ni kupoteza wakati. Hatukubaliani naye, na haya yafuatayo ndiyo sababu.

Seremala yule alipotoka hospitali hakurudi barazani. Wenzake walidhani anapumzika. Baada ya siku kadhaa mmoja alikwenda kumwuliza, akajibiwa kwamba ni uchovu. Haikuwa uchovu. Aliona aibu kumpa mtu mkono wa kushoto, na aliona aibu kunywa kahawa kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Yule rafiki aliporudi aliwaeleza wenzake, na kesho yake jioni wote watano walihamishia baraza uani kwa mgonjwa. Walikwenda na birika lao la kahawa na ubao wao wa bao, ili mke wa mgonjwa asisumbuke kuwapikia. (Wageni wengi wa mgonjwa hawalikumbuki hili. Mama wa nyumba amekesha, halafu anachemshia chai watu kumi na watano.) Wa kwanza kuingia alimwita, "Bwana fundi, habari za leo?" akatangulia kumnyoshea mkono wake mwenyewe wa kushoto. Wengine wote wakafanya vivyo hivyo, wala hakuna aliyelisemea jambo hilo.

Tangu jioni hiyo hawakukosa. Kwa sababu walikuwa wakifika kila siku, waliona mambo ambayo mgeni wa Jumapili hawezi kuyaona. Waliona kwamba shati lake halina vifungo vilivyofungwa. Waliona kwamba kucha za mkono wake mzima zimekuwa ndefu, maana mkono ulioumia hauwezi kushika wembe wa kuzikatia, na mtu mzima haendi kwa jirani kuomba akatwe kucha. Waliona kwamba hawezi kukamua nguo, wala kufungua chupa ya dawa, wala kuchomeka chandarua. Mambo haya ni madogo mno kuombewa msaada, na ndiyo yanayomvunja mtu moyo. Mmoja wao akawa anakuja na wembe kila Jumamosi. Mwingine alikwenda karakana, akazipaka mafuta randa na patasi zisishikwe na kutu. Mwanafunzi wake wa useremala alikuwa akileta mbao uani na kufanya kazi mbele yake, naye akimwelekeza kwa maneno, hivi kwamba wateja hawakupotea wote.

Hapa tuseme kidogo habari za mkono wenyewe, kwa maana wengi hatujui kwa nini hukawia. Mkono, tangu kifundo hata ncha za vidole, una mifupa 27. Misuli mingi inayokunja vidole haimo katika kiganja, bali imo katika sehemu iliyo chini ya kiwiko, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu kama kamba. Kwa hiyo jeraha dogo katika kiganja laweza kukata kamba hiyo, na kidole kikafa ingawa ngozi imefunga vizuri. Mshipa wa fahamu uliokatika na kushonwa hukua polepole, kadiri ya milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi. Kabla haujafika, kidole hakisikii moto, na mtu huungua kwa sufuria asijue. Tena vidole vilivyokaa bila kunyoshwa hukakamaa. Basi mganga wa hospitali akisha kuruhusu, mazoezi hayana budi kufanywa kila siku, nayo yanauma, na mtu aliye peke yake huyaacha.

Katika baraza ile mazoezi yalifanywa wakati wa mazungumzo. Mgonjwa alikunja na kukunjua vidole kama alivyoagizwa hospitali, huku mwenzake akihesabu na mwingine akiendelea na habari za mpira. Baadaye walimrudisha katika bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kuzichota na kuzigawa moja moja ni kazi ya vidole hasa. Alitumia mkono ulioumia. Mzunguko mmoja ulichukua muda mrefu sana, kete zikianguka, na wale wenzake, ambao siku zote hupigiana kelele aliyekawia, walingoja. Alipojaribu kutumia mkono wa kushoto ili awahi, walikataa.

Tusome sasa Kutoka 17. Yoshua alipigana na Amaleki huko Refidimu, na Musa alikuwa juu ya kilima. Mikono yake ilipokuwa mizito, Haruni na Huri waliweka jiwe akalie, kisha wakaitegemeza mikono yake, mmoja upande huu na mmoja upande huu, hata jua likachwa. Tuangalie kwamba hawakumwambia apumzike wao wamalizie. Mikono iliyoinuliwa ilibaki kuwa mikono ya Musa. Tena walikaa mpaka jioni. Hawakushika kwa saa moja na kuaga. Vivyo hivyo Bwana wetu katika sinagogi hakumshika yule mtu mkono akaunyosha. Alimwamuru aunyoshe yeye mwenyewe. Na Mtakatifu Paulo katika Wagalatia 6 anatuagiza katika aya ya 2 tuchukuliane mizigo, kisha katika aya ya 5 anasema kila mtu atauchukua mzigo wake. Wengine huona kwamba aya hizi zinapingana. Kwa hao watu watano wa baraza hazikupingana: wembe wa kucha ulikuwa mzigo wa kuchukuliana, na kukunja kidole ulikuwa mzigo wa seremala, wao wakikaa kando yake.

Kuna jambo ambalo pia hawakulifanya, nalo ni kutafuta sababu. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walipokaa naye chini bila neno (Ayubu 2:13). Waliharibu walipoanza kueleza kwa nini amepatwa. Miongoni mwetu wapo waliosema kwamba fundi yule amerogwa, na wapo waliotaja mkono wa Yeroboamu uliokauka alipounyosha juu ya mtu wa Mungu (1 Wafalme 13). Wanaotaja habari hiyo waisome mpaka mwisho. Hata Yeroboamu aliombewa, na mtu aliyemwombea ni yule yule aliyetaka kumkamata, na mkono wake ukarudishwa. Msumeno ule haukuwa na kinga. Hiyo ndiyo sababu tunayoijua, na wenye karakana waiangalie.

Mwisho tuseme juu ya Meza ya Bwana. Seremala yule alikaa miezi bila kushiriki, kwa kuwa alifundishwa tangu kipaimara kuweka mkono wa kuume juu ya wa kushoto. Desturi hiyo ni njema na ya kale sana. Mafundisho ya Yerusalemu ya karne ya 4, yanayohesabiwa kuwa ya Mtakatifu Kirilo, yanaufananisha mkono wa kushoto na kiti cha enzi kinachouchukua wa kuume utakaompokea Mfalme. Lakini ni desturi ya heshima, wala si sharti la neema. Asiyeweza kuutumia mkono wa kuume apokee kwa wa kushoto bila hofu, au apewe kinywani. Amwarifu padre kabla ya ibada, au rafiki yake amwarifu kwa niaba yake. Huyu wa kwetu aliarifiwa padre na rafiki mmoja wa baraza, na Jumapili iliyofuata walipiga magoti pamoja, yule rafiki upande wa kuume.

Katika vikundi vya juma hili tusome Kutoka 17:8-13 kwa sauti. Kisha kila kikundi kiwataje wagonjwa wa mtaa wake ambao ugonjwa wao umepita mwezi mmoja, na kijiulize ni nani aliyewaona tangu juma la pili, na anafika siku zipi. Asiwepo wa kusema "tutakwenda". Yaandikwe majina ya waendao na siku zao, na karatasi ifike kwa mzee wa kanisa wa mtaa kabla ya Jumapili.