SOMO LETU: NANI HURUHUSU BENKI KUFUNGULIWA?

Pale Mkwajuni mtu akiuza ufuta wake au dhahabu yake, hupata fedha nyingi kwa siku moja. Usiku wake hapati usingizi. Azifiche chini ya kitanda? Ampe jirani? Wengi siku hizi huzipeleka benki, au kwa wakala wa benki mwenye kibanda. Je, huyo tunayemkabidhi fedha zetu kapewa ruhusa na nani?

Benki haifunguliwi kama genge la nyanya. Leseni yake hutolewa na Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kazi Juni 14, 1966. Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha mabenki, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Sheria ya mwaka 1991 iliruhusu tena watu binafsi kufungua benki. Inayotumika sasa ni sheria ya mwaka 2006.

Anayetaka kufungua benki hupeleka maombi. Benki Kuu humwuliza: wenye benki ni akina nani? Fedha zao zimetoka wapi? Wasimamizi wana ujuzi? Halafu huuliza habari za mtaji. Mtaji ni fedha za wenye benki wenyewe, siyo hizi zetu tunazoweka. Kwa nini mtaji? Kwa sababu benki hukopesha fedha zetu kwa watu wengine. Wakopaji wakishindwa kulipa, hasara huanza kula mtaji wa wenye benki. Mtaji ukiisha, hasara inafika kwenye fedha zako wewe uliyeuza ufuta. Hapa ndipo penye kiini cha somo, basi parudie polepole.

Leseni ikishatolewa, kazi haijaisha. Wakaguzi wa Benki Kuu huja kukagua hesabu. Tena kila benki hutakiwa kuweka sehemu ya fedha za wateja huko Benki Kuu. Mambo yakiharibika, leseni hufutwa. Januari 4, 2018, benki tano zilifungwa siku moja kwa kuwa mtaji wao haukutosha. Mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi ya Njombe, jirani zetu wa Nyanda za Juu Kusini.

Je, waliokuwa na akiba mle? Ipo Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifa, Bodi humlipa kila mteja, lakini kwa kiwango maalum. Wakati ule kiwango kilikuwa shilingi 1,500,000. Mwaka 2023 kilipandishwa kuwa shilingi 7,500,000. Kwa hiyo leo mwenye shilingi 10,000,000 atalipwa 7,500,000. Zile 2,500,000 zilizobaki atazingoja mpaka mali za benki ziuzwe, na huenda asizipate zote.

Bima hiyo ni ya benki zenye leseni tu. Wengi wanakumbuka DECI. Watu "walipanda mbegu" za fedha wakiahidiwa kuvuna maradufu. DECI haikuwa na leseni ya kupokea fedha za watu. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na wengi hawakuvuna kitu.

SACCOS nazo zina leseni yake, kutoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa huandikishwa katika halmashauri, kwa sheria ya mwaka 2018. Ila tusichanganye mambo hapa. Mtu anaweza kukuonyesha leseni ya biashara yenye muhuri kabisa, kumbe ni ya kuuza vitu dukani. Hiyo haimpi ruhusa ya kupokea akiba za watu. Soma karatasi yenyewe: imetolewa na nani, na inaruhusu kazi gani? Kusoma tunajua sasa!

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI
Mtaji wa benki ni fedha za nani?
Benki yenye leseni ikifungwa leo, mwenye akiba ya shilingi 9,000,000 atalipwa kiasi gani na Bodi? Kiasi gani atakingoja?
Mgeni amefika kijijini, anakusanya akiba. Mtamwomba karatasi gani?