Waangalieni Ndege: Somo la Imani Kutoka Msitu wa Kaptagat

Maandiko ya kusoma: Mathayo 6:25–34, Luka 12:6–7 na 24, Yeremia 8:7
Kweli kuu: Mungu anayewatunza ndege ametuamuru tuwatazame, ili tujifunze kumtegemea.

Wengi wetu tunaijua Mathayo 6 kwa moyo. Tumeihubiri mazishini na tumewaombea nayo watu waliofutwa kazi. Lakini ebu tuangalie neno moja tu ambalo huwa tunalipita haraka. Yesu hakusema tuwafikirie ndege tukiwa tumefumba macho. Alisema tuwaangalie. Hiyo ni amri, na amri hutendwa.

Mimi nilianza kuitenda kwa sababu ya shida. Mwaka jana karo ya watoto wawili ilinilemea, mahindi yakauzwa kwa bei ya hasara, na usingizi ukanitoka. Daktari alinipima presha akaniambia nitembee kila asubuhi. Kijana wangu akanipa kamera yake ya zamani, akasema, "Baba, angalau uwe na kitu cha kufanya huko njiani." Hivyo ndivyo nilivyoanza kupiga picha za ndege. Barabara zetu za udongo dunia inazijua kwa sababu ya wakimbiaji kama Eliud Kipchoge, aliyefanyia mazoezi hapa Kaptagat kabla ya kukimbia marathoni kwa muda wa chini ya saa 2 kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Wao wanapita mbio. Mimi napita pole pole, nikisimama kila mti. Haya ndiyo niliyofundishwa.

1. Kuangalia kunatuliza moyo
Ukitaka kupiga picha ya ndege, huwezi kukimbia wala kupiga kelele. Unasimama, unashusha pumzi, unangoja. Katika msitu wetu kuna ndege wa kijani ambaye kwa Kiswahili anaitwa shorobo. Akitulia kwenye majani humwoni kabisa, unasikia sauti yake tu. Lakini akiruka, mabawa yake yanafunguka yakiwa mekundu kama moto. Wataalamu wanasema rangi ile nyekundu ina madini ya shaba ndani yake. Niliona wekundu ule kwa sekunde mbili hivi, baada ya kungoja asubuhi tatu. Siku hiyo nilicheka peke yangu msituni, na nikatambua kwamba kwa saa nzima sikuwa nimewaza deni hata mara moja. Deni lilikuwa bado lipo. Ila moyo ulikuwa umepata mahali pa kupumzika, na kutoka hapo niliweza kuomba bila kulalamika.

2. Ndege anatunzwa, lakini haketi bure
Kuna wanaolitumia andiko hili kutetea uvivu. Mpendwa, mwangalie ndege kwanza! Chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, anahama ua hadi ua tangu jua linapochomoza. Mungu amemwekea chakula ndani ya ua, ila hampelekei kiotani. Yesu hakutukataza kazi, alitukataza masumbufu. Tofauti yake ni hii: ndege anatafuta chakula cha leo kwa bidii, na usiku analala. Sisi tunatafuta cha leo, halafu usiku tunabeba cha kesho. Tangu nilipoliona hilo, nimepanga kulipa karo kidogo kidogo, nikazungumza na shule, kisha nikalala.

3. Mungu ana majira
Yeremia anawataja mbayuwayu na korongo kama viumbe wanaojua wakati wao wa kuja na kurudi, huku watu wa Mungu hawaijui sheria yake. Mbayuwayu wanaotoka Ulaya hufika kwetu kuanzia mwezi wa Septemba hivi, na kufikia Aprili huwa wanarudi. Ndege huyo ana uzito wa gramu 20 hivi, kama vijiko vinne vitano vya sukari, na anavuka jangwa la Sahara! Hana ramani wala simu. Yule aliyeweka njia ndani ya kichwa kidogo vile, je, atashindwa kukuongoza wewe katika mwezi mmoja mgumu?

4. Thamani ya yule wa tano
Mathayo anasema sarafu moja ndogo ilinunua shomoro wawili. Luka anasema sarafu mbili zilinunua watano. Piga hesabu: mbili mara mbili ni nne. Yule wa tano alikuwa nyongeza, kama vile mama mboga anavyokuongezea nyanya moja. Na bado Yesu anasema Mungu hamsahau hata mmoja. Tena katika Luka 12:24 anamtaja kunguru, ndege ambaye torati ilimhesabu kuwa najisi katika Walawi 11. Ukijiona wewe ni nyongeza katika familia, au watu wamekuhesabu najisi, mtazame kunguru juu ya paa la soko. Amekula leo.

5. Furaha inagawanywa, na uumbaji unatunzwa
Kuna mama mzee wa ushirika wetu ambaye hawezi tena kutoka kitandani. Nilimpelekea picha ya korongo mwenye taji. Alishika picha, akasema, "Kong'ony!" akaanza kutusimulia jinsi walivyokuwa wakicheza kwenye majimaji alipokuwa msichana. Halafu akanyamaza, akasema, "Yale majimaji yalilimwa." Ndege huyo sasa amehesabiwa duniani kuwa hatarini kutoweka, kwa sababu anazaa kwenye ardhi oevu na sisi tunaikausha. Mwanzo 2:15 inasema mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima tunajua sana. Kutunza je?

La kufanya wiki hii
Chagua asubuhi moja, uamke mapema. Simu yako inatosha, na hata bila picha macho yanatosha. Jua liwe nyuma yako, usimkaribie ndege aliye kiotani, na ukiingia msituni uende na mwenzako. Mtazame ndege mmoja kwa dakika kumi, kisha umtajie Mungu sumbuko moja kwa jina lake.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni sumbuko gani la kesho unalibeba usiku?
2. Kazi na masumbufu vinatofautianaje katika maisha yako?
3. Ni sehemu gani ya kijiji chetu tunaweza kuiacha iwe makao ya viumbe wa Mungu?

Tuombe: Baba, unawalisha wasio na ghala. Tufungue macho tuione kazi ya mikono yako, na utupe leo usingizi wa watoto wanaojua baba yao yuko nyumbani. Katika jina la Yesu, amina.