Bolti Sahihi za Kufungia Injini ya Gari la Zamani Kwenye Stendi



Mtu anaporithi Land Rover ya mzazi wake na kuamua kuifufua, hatua ya kwanza huwa ni kuishusha injini na kuifunga kwenye stendi ili fundi aifungue kwa utulivu. Fedha nyingi hutengwa kwa ajili ya pistoni, ringi na gasketi. Bolti nne za kushikilia injini hiyo hununuliwa mwishoni, kwa haraka, na mara nyingi kwa kukadiria kwa macho. Ilhali bolti hizo nne ndizo zitakazobeba injini nzima juu ya miguu na mikono ya watu. Ikikatika moja, bloki huweza kupasuka na mtu huweza kujeruhiwa vibaya. Somo hili linaeleza namna ya kuzichagua.

1. Mzigo unavyozielemea bolti

Stendi hushika injini kwa nyuma, kwenye matundu yanayofungia giaboksi. Sehemu kubwa ya injini hubaki ikining'inia mbele. Kwa sababu hiyo bolti za juu huvutwa kwa nguvu, na zote hubanwa zisiteleze kuelekea chini. Fundi anapoigeuza injini juu chini, bolti zilizokuwa chini huwa za juu. Hivyo zote nne ziwe za ubora mmoja, na zifungwe kwenye matundu yaliyo mbalimbali kadiri inavyowezekana.

2. Tambua aina ya hesi

Hesi ni ile mistari iliyojipinda kwenye mwili wa bolti, ambayo mafundi wengi huiita nyuzi. Kwa injini za zamani, kosa kubwa zaidi hufanyika hapa. Magari ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1950 hutumia kwa wingi hesi za Whitworth na BSF. Baada ya Marekani, Uingereza na Kanada kukubaliana mwaka 1948 juu ya mfumo mmoja wa inchi, viwanda vingi vya Uingereza vilihamia hatua kwa hatua kwenye UNC na UNF. Magari ya Ulaya bara na ya Japani hutumia hesi za milimita. Injini iliyopita mikononi mwa mafundi wengi yaweza kuwa na mchanganyiko wa aina hizo.

Tofauti ni ndogo kwa jicho, lakini ni kubwa kwa kazi. Bolti ya inchi 3/8 ina kipenyo cha milimita 9.5, nayo M10 ina milimita 10. Ukitia ya 3/8 kwenye tundu la M10, itaingia ikilegea na kushika ncha za hesi tu. Ukiivuta kwa uzito, hung'oka. Ukilazimisha M10 kwenye tundu la 3/8, utaharibu hesi za bloki. Vilevile, bolti ya 3/8 ya Whitworth na ya UNC zote zina mistari 16 kwa inchi, lakini pembe ya hesi ya Whitworth ni nyuzi 55 na ya UNC ni nyuzi 60. Zinaweza kuingiliana, ila hazikai sawasawa.

Njia salama ni kwenda dukani na bolti halisi iliyofungia giaboksi, kisha kuipima kwa kipimo cha hesi. Bolti mpya iingie kwenye tundu lililosafishwa kwa vidole tu, mpaka mwisho. Ikihitaji spana kabla ya kufika, iondoe.

3. Soma kichwa cha bolti

Bolti ya milimita yenye ubora huandikwa namba kichwani. Namba 8.8 humaanisha kwamba hukatika kwa mvuto wa newtoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na huanza kuharibika umbo katika asilimia 80 ya kiwango hicho, yaani 640. Bolti ya 4.6 huanza kuharibika ikifika 240 tu. Kwa bolti za inchi za mfumo wa Marekani, mistari mitatu kichwani ni daraja la 5, na mistari sita ni daraja la 8.

Kwa kazi hii, usikubali chini ya 8.8 au daraja la 5. Bolti isiyo na alama yoyote, hata ikiwa inang'aa, ichukuliwe kuwa dhaifu. Usitumie vipande vya fito ndefu zenye hesi zinazouzwa kwa ajili ya ujenzi.

4. Kokotoa urefu

Pima unene wa mkono wa stendi, ongeza washa, kisha ongeza sehemu itakayoingia kwenye bloki. Kwa bloki ya chuma cha kusubu, sehemu hiyo iwe angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha bolti. Kwa alumini, mara mbili.

Mfano: mkono wa stendi una milimita 60, washa milimita 3, na bolti ni M10 kwenye chuma cha kusubu. Sehemu ya kuingia ni milimita 15. Jumla ni 78, hivyo nunua ya milimita 80, ambayo itaingia milimita 17. Kabla ya kulipa, pima kina cha tundu kwa kijiti. Kama tundu limeziba upande wa pili na kina chake ni milimita 16, bolti itagota mwisho kabla ya kubana, na fundi akiendelea kukaza aweza kupasua bloki.

5. Wakati wa kufunga

Ondoa klachi na flaiwili kwanza. Tumia washa nene. Usiachie mnyororo wa kuinulia hadi bolti zote nne zimekazwa na injini imetulia. Usiweke mkono wala mguu chini ya injini inayoning'inia.

6. Haki yako dukani

Taja kwa muuzaji aina ya hesi, kipenyo, urefu na daraja, kisha omba vyote viandikwe kwenye risiti. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Ukiuziwa bolti ya 4.6 kwa jina la 8.8, risiti yenye maelezo hayo ndiyo ushahidi wako. Itunze pamoja na bolti yenyewe.

Kumbuka: hesi, alama, urefu, kina. Usipokuwa na uhakika na kimojawapo, injini na ibaki sakafuni kwanza.