Bwana Phalke na Mwanzo wa Sinema ya Bara Hindi

Kabla majembe ya madukani hayajaenea, wahunzi wa Samia walichimba mawe ya chuma katika vilima vyao, wakayayeyusha kwa makaa, wakafua majembe yaliyotafutwa na watu wa mbali. Kwa hiyo msomaji wa Funyula anajua tofauti iliyopo kati ya mtu anunuaye jembe na mtu alifuaye. Anunuaye hupokea jembe kama alivyopenda mwenye kulifua. Alifuaye hulifanya liufae udongo wa shamba lake. Katika somo hili tutamtazama Mhindi mmoja aliyeiona tofauti hiyo katika kazi ya sinema. Jina lake ni Bwana Dhundiraj Govind Phalke, na watu wa nchi yake humwita Dadasaheb.

Bwana Phalke alizaliwa tarehe 30 Aprili 1870 huko Trimbak, karibu na mji wa Nashik. Alisomea uchoraji mjini Bombay, kisha akajifunza kupiga picha na kupiga chapa vitabu. Maisha yake hayakuwa mepesi. Alipokuwa mpiga picha katika mji wa Godhra, tauni ilimwua mke wake wa kwanza na mtoto wao. Baadaye alipata sifa katika kazi ya kupiga chapa, lakini akakosana na wenziwe, akaiacha kazi hiyo akiwa mtu wa makamo mwenye jamaa ya kulisha.

Siku moja, kati ya mwaka 1910 na 1911, aliingia katika sinema ya Bombay akaona picha ya maisha ya Yesu Kristo iliyotoka Ulaya. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba, wakati macho yake yalipokuwa yakimtazama Kristo, moyoni alikuwa akimwona Krishna na Rama, akajiuliza kama wana wa Bara Hindi watapata siku moja kuyaona mambo yao wenyewe katika kitambaa kile cheupe. Wengi walitazama picha ile wakarudi makwao; Bwana Phalke alirudi na swali.

Basi aliweka rehani hati zake za bima ya maisha, na mwanzoni mwa mwaka 1912 akasafiri mpaka London. Huko alijifunza kazi kwa muda mfupi, akanunua mashine ya kupigia picha, akarejea kwao. Watu wenye fedha hawakumwamini. Naye hakubishana nao. Alipanda mbegu ya njegere chunguni, akaipiga picha moja moja kwa muda wa zaidi ya mwezi. Picha hizo zilipoonyeshwa mfululizo, watu waliona mche ukichomoza na kukua mbele yao kwa muda mchache. Siri yake ni hii: picha ya sinema haiendi yenyewe, bali ni picha nyingi zilizosimama, zipitazo upesi hata jicho likaziunganisha. Kwa njegere ile alipata mkopo.

Hapo ndipo alipoanza kutengeneza Raja Harishchandra, hadithi ya mfalme aliyekubali kupoteza ufalme wake, mke wake na mwanawe kuliko kuvunja ahadi. Mke wake, Bibi Saraswatibai, alitoa vito vyake ili fedha zipatikane. Yeye ndiye aliyewapikia watu wote wa kazi, na usiku akatoboa matundu ya pembeni katika utepe wa filamu. Wanawake walikataa kuigiza, kwa kuwa kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya aibu. Hivyo malkia aliigizwa na kijana wa kiume, Anna Salunke, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli ya chakula. Picha ilionyeshwa kwa watu wote mjini Bombay tarehe 3 Mei 1913.

Ni haki kusema kwamba wengine walitangulia. Picha iitwayo Pundalik ilionyeshwa Bombay mwaka 1912. Lakini hiyo ilikuwa mchezo wa jukwaani uliopigwa picha, na filamu yake ilisafishwa London. Bwana Phalke alichagua hadithi, akaongoza waigizaji, akasafisha filamu na kuiunga nyumbani kwake. Alileta picha moja, na pamoja nayo ufundi wote wa kuzitengeneza nyingine.

Hapa Afrika ya Mashariki mambo yalianza kwa njia nyingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na Bwana Latham walitengeneza picha 35 kwa fedha zilizotoka Marekani, nazo zilihusu kilimo, magonjwa na kodi. Waafrika waliigiza, na wengine walifundishwa kazi za mikono katika ufundi huo; lakini wenye kuamua hadithi gani isimuliwe walikuwa Wazungu. Mafunzo mengine yalikuwa mema, ila swali la Bwana Phalke halikuulizwa: mtazamaji mwenyewe angependa kuona nini?

Sauti ilipoingia katika sinema ya Bara Hindi mwaka 1931, kazi ya Bwana Phalke ilififia. Alitengeneza picha moja tu ya sauti, mwaka 1937, akafariki Nashik tarehe 16 Februari 1944, wengi wakiwa wamekwisha kumsahau. Tangu mwaka 1969 Serikali ya India hutoa tuzo kuu ya sinema kwa jina lake.

Wazee walisema kwamba cha kuazima hakisitiri maungo. Bwana Phalke hakudharau ufundi wa wageni, maana alivuka bahari kuufuata. Lakini alipoupata hakurudi na hadithi zao, alisimulia za kwao.

Maswali
1. Kwa nini Bwana Phalke alitumia mbegu ya njegere?
2. Raja Harishchandra na Pundalik zilitofautianaje?
3. Kama ungepewa mashine ya sinema leo, ungeanza na hadithi gani ya kwenu, na kwa nini?