Kusafisha plagi za pampu ya sola bila kujiunguza

Vijana, huku Mikindani chumvi ya bahari na vumbi la salfa ya mikorosho huwahi kula shaba ya plagi. Spreyi ya kusafishia viungio vya umeme inasaidia, ila nyingi hushika moto kwa cheche moja tu.

1. Zima pampu, funika paneli kwa turubai zito, ndipo uchomoe plagi. Jua likiwaka, paneli ina umeme hata pampu ikiwa imezimwa.

2. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara. Stoo hapana: mvuke ni mzito kuliko hewa, hutulia chini.

3. Vaa glavu na miwani. Puliza kidogo, sugua kwa mswaki.

4. Subiri ikauke kabisa, ndipo uunganishe.

Petroli usitumie kamwe. Kopo likiisha, usilitoboe wala kulichoma.